Mti Nambari Kumi na Saba

Simu ni marufuku skulini kwetu.
Aliyekamatwa nayo Januari
alirudishiwa Aprili, ndani ya bahasha,
imekufa chaji, ina mayai ya mende.
Basi Mwalimu Zuwena alipoingia darasani akasema,
"Kesho kila mwenye simu aje nayo,
na viatu visivyomuuma akivipoteza,"
tulitazamana kama wezi
walioambiwa ufunguo uko juu ya meza.

Wanafunzi arubaini na moja, simu tisa.
Yangu si yangu, ya kaka Shaame,
kioo kina ufa toka pembe hadi pembe,
kwa hiyo kila ninachokitazama
kimepasuka kidogo.

Wingwi, maji yamekupwa.
Mikoko imesimama juu ya tope
kama watu waliopandisha nguo wavuke.
Kila kundi likapewa mti wake.
Wetu, nambari kumi na saba, una kovu shinani.
Kazi: kila bamvua, juu ya jiwe lile lile,
piga picha. Pima kimo kwa kamba. Hesabu kaa,
andika hesabu kwenye karatasi, karatasi iingie pichani.
"Na muandike ukweli," akasema, "hata ukiwa sifuri."

Faki alijipiga yeye kwanza, kifua mbele,
mti ukatokea nyuma yake
kama mjomba asiyealikwa harusini.
Simu ya Riziki ikautambua mti wetu: mpera.
Tukaisamehe, imezaliwa mjini.
Riziki mwenyewe akazama hadi magoti, akapoteza ndara,
na ndara hiyo mpaka leo imo katika orodha yetu:
*plastiki, ya mguu wa kushoto, yetu.*

Bamvua la pili, kaa thelathini na wanne.
Nilijifunza kunyamaza.
Ukinyamaza dakika mbili, kivuli chako ukikiweka nyuma,
tope linaanza kutembea.
Ile harufu niliyoizibia pua tangu utotoni,
Mwalimu akasema, si uvundo.
Ni jikoni.

Bamvua la tano nilipanda jiwe,
nikainua simu, nikatafuta kovu
nililinganishe na ufa wa kioo.
Hapakuwa na cha kulinganisha.
Kisiki, chekundu kama ufizi.
Kaa: sita.

Nikaikuza picha.
Pembeni, kipande cha kamba ya buluu,
fundo lililofungwa kwa mkono wa kushoto.
Fundo hilo nalijua.
Ndilo linaloshika boriti kwenye baskeli ya Shaame.

Boriti ndizo zilizonunua simu.
Simu ndiyo iliyonionesha mti.
Na mti

sentensi hiyo sijaimaliza.

Kwenye fomu pana kisanduku: *Sababu ya mabadiliko.*
Riziki aliandika "Binadamu",
akanitazama, asiongeze neno.

Usiku ule Shaame alitaka simu
ampigie mteja wa Konde.
Nikampa. Sikufuta kitu.
Nikiwa mkekani nikaona kidole chake kinasukuma,
mti, mti, Faki, mti,
ndara, mti,
kisha kikasimama.
Mwanga wa kioo umemkata uso vipande viwili.
Mteja hakupigiwa.

"Hadia, hii thelathini na nne ni nini?"
"Kaa."
"Na hii sita?"
Nikamwambia.

Akakaa na simu mpaka ikazima yenyewe,
na hata ilipozima aliendelea kuitazama.

Bamvua lijalo ni Jumanne.
Leo alfajiri, akitia upepo matairi,
bila kuinua kichwa, kaniuliza
nambari kumi na nane ni mti upi.

Nimemuelekeza.
Sijui ameuliza ili autazame
au aukate.
Simu nimeitia chaji, imejaa.
Nitakuwa juu ya jiwe kabla yake.